Moto wa Jikoni Nao Hula Mshahara



Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukiisha kupokelewa, sisi wafanya kazi wa Kianyaga na vijiji vya jirani twajua vema yale yanayotungoja: kodi ya chumba, karo ya watoto, deni la dukani, na mchango wa chama. Lakini liko deni moja ambalo wengi wetu hatuliandiki popote, kwa sababu hulipwa kidogo kidogo. Leo ni gorogoro la makaa, kesho tokeni chache za umeme, kesho kutwa nusu chupa ya mafuta ya taa, na Jumamosi mzigo wa kuni. Kila moja huonekana kitu kidogo. Mwezi ukienda kwisha, mtu hushika kichwa na kujiuliza fedha zake zimekwenda wapi. Zimekwenda jikoni, ndugu, na zimegeuka moshi.

Tunaandika habari hii tukijua kwamba wako watakaonung'unika. Watasema, "Chama kiliundwa kidai mishahara. Mbona sasa kinakuja kutufundisha kufunika sufuria?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu mapema. Chama hukaa mezani na waajiri miezi mingi kutafuta nyongeza. Nyongeza ikipatikana, halafu ikaliwa yote na makaa na umeme, tumeshinda nini? Mfanya kazi hujenga nyumba yake kwa ile shilingi inayobaki mkononi, wala si kwa ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mshahara. Na tena twasema wazi, asije mwajiri yeyote akayashika maneno haya na kutuambia, "Mmeona? Punguzeni moto nyumbani, msidai nyongeza." Kupunguza gharama ni juhudi yetu, na faida yake ni yetu. Haki ya mshahara ni jambo la pili, wala moja halifuti jingine.

Kwanza tukumbuke jinsi bei zilivyotuandama. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Kulinda msitu ni jambo jema, maana mito yetu hutoka humo. Lakini makaa yalipanda bei, na aliyeumia kwanza ni yule anunuaye kwa gorogoro. Septemba mwaka huo huo mafuta ya taa yalitozwa ushuru mpya wa shilingi 18 kwa lita, kwa maelezo kwamba wafanya biashara wadanganyifu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Mdanganyifu alikosa, na mwenye koroboi akalipa. Ikaja gesi. Watu walikuwa wameanza kuizoea, kisha Julai 2021 ikatozwa kodi ya asilimia 16; mwaka 2022 kodi ikashushwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Mambo haya yote yaliamuliwa mbali na jiko la mfanya kazi, lakini yeye ndiye aliyeyasikia mfukoni. Kwa hiyo hatusemi kwamba umaskini wetu ni matokeo ya uvivu wa kufunika sufuria. Twasema kwamba penye vita vya namna hii, hapana budi kila mtu ashike pia ile silaha iliyo karibu naye.

Na tuanze na umeme. Mto Thiba unapita katika nchi yetu hii ya Kirinyaga, ukitoka mlimani, na maji yake huenda kuingia katika bwawa la Kamburu, mojawapo ya mabwawa ya umeme ya Mto Tana. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, na Masinga mwaka 1981. Maji yanapita mlangoni petu bure, yanakwenda kuzungusha mitambo huko chini, kisha yanaturudia kwa njia ya waya na twayanunua kwa tokeni. Miaka mingi wazazi wetu waliona maji yakienda, na taa hawakuziona.

Lakini katika Kirinyaga hii hii kuna jambo ambalo lafaa tulikumbuke. Mnamo mwaka 2001, katika vijiji vya Kathamba na Thima, wenyeji walishirikiana na wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent cha Uingereza, wakaweka mitambo midogo ya umeme wa maji kwenye vijito vyao. Mtambo wa Kathamba ulikuwa wa kilowati 1.1 tu, na ulikusudiwa kuwasha taa katika nyumba 65. Ule wa Thima ulikuwa wa kilowati 2.2, kwa nyumba 110. Haya, chukueni kalamu mpige hesabu. Birika la umeme la kawaida linalouzwa madukani leo hula wati 2,000. Mtambo mzima wa Kathamba usingeweza kuliendesha birika moja! Hata hivyo kwa nguvu ile ile ndogo, ikigawanywa kwa taa zisizokula umeme mwingi, nyumba 65 zilihesabiwa kuwa na mwanga wa kusomea. Kila nyumba ilipata kiasi cha wati 17 hivi, na watoto wakaondokewa na moshi wa koroboi.

Funzo lake ni hili: mwanga haugharimu sana. Kinachogharimu ni joto. Kila chombo cha umeme kinachotoa joto, yaani birika, pasi, jiko la umeme, na hasa ile shawa ya kuchemsha maji papo hapo, ndicho mlaji mkubwa. Mtu huzima taa ya wati 9 kwa bidii sana, akimfokea mtoto aliyeisahau, kisha akaingia kuoga kwa shawa ya wati 5,000. Tuone hesabu yake. Shawa hiyo ikitumika dakika kumi kwa mtu mmoja, na nyumba ina watu watano, kila siku, kwa mwezi mmoja itakula yuniti 125. Wakioga dakika tano tano, itakula nusu yake. Na yule anayechemsha maji kwa joto linalobaki jikoni baada ya chakula kuiva, hatumii hata yuniti moja.

Taa nazo zisidharauliwe, kama ni zile za zamani. Balbu nne za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula yuniti 36 kwa mwezi. Balbu nne za wati 9 za siku hizi, zenye mwanga ule ule, hula yuniti 5 na nusu hivi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo hula yuniti moja. Basi anayepiga nguo zote pasi siku moja kwa juma ana nafuu kuliko anayeiwasha kila asubuhi kwa shati moja, maana kila mara hulipia kuipasha upya. Na birika lijazwe maji ya vikombe vinavyohitajika tu. Kuchemsha lita mbili ili kunywa kikombe kimoja ni kumlipia moto mtu asiyekuwapo.

Hesabu hizi zina uzito kuliko mnavyofikiri. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2023, bei ya yuniti haikuwa moja kwa watu wote. Aliyetumia si zaidi ya yuniti 30 kwa mwezi aliwekwa katika bei ya chini. Wa kutoka 31 hadi 100, bei ya kati. Na aliyepita 100, bei ya juu. Maana yake, anayeshuka ngazi hufaidika mara mbili: hununua yuniti chache, na kila yuniti humjia kwa bei nafuu. Zile balbu nne za zamani peke yake zatosha kumtoa mtu katika ngazi ya chini. Shawa peke yake yatosha kumrusha hadi ngazi ya juu.

Na hapa ndipo tunapofika penye dhuluma ambayo wengi wetu tunaishi ndani yake bila kuitambua. Wanachama wetu wengi ni wapangaji wa chumba kimoja katika ploti. Mwenye ploti ana mita moja kwa vyumba vyote. Tuseme vyumba ni kumi, na kila chumba kinatumia yuniti 25 tu: taa mbili, redio, na kuchaji simu, na pasi siku ya Jumapili. Kila mpangaji, kama angekuwa na mita yake, angekuwa katika ngazi ya chini kabisa. Lakini mita ile yasoma yuniti 250, nayo huhesabiwa kama nyumba ya tajiri mmoja mwenye matumizi makubwa. Hivyo watu kumi wasio na kitu hulipa bei ya mtu mwenye kila kitu. Juu ya hayo wako wenye ploti wanaotoza kila chumba kiasi kimoja, awe mtu amewasha taa au amesafiri. Mpangaji wa namna hiyo, hata abane matumizi vipi, akiba yake huingia mfukoni mwa mwingine. Ndipo twasema kwamba mashauri mema ya nyumbani peke yake hayatoshi. Wapangaji wa ploti moja yawapasa wakae pamoja, wamwendee mwenye ploti kwa adabu lakini kwa sauti moja, wamwombe mita ya kila chumba, au walau mita ndogo za kupimia ndani, ili kila mtu alipe alichotumia. Mtu mmoja akisema ataambiwa ahame. Kumi wakisema, vyumba kumi vitupu si jambo dogo kwa mwenye ploti.

Sasa tugeuke upande wa kuni na makaa, maana ndiyo yanayopika chakula chetu. Kuni mbichi ni hasara tupu. Moto hukausha maji yaliyo ndani ya mti kwanza, ndipo uanze kupika, na wakati huo wote nyumba imejaa moshi. Mwenye shamba anayepogoa majani chai, kahawa au mikima yake asichome siku ile ile. Akate vipande vyembamba, avipange chini ya paa penye upepo, avipe miezi ya kukauka. Kuni chache kavu hupika kuliko mzigo wa kuni mbichi. Na jiko la mafiga matatu lililo wazi hutoa joto lake zaidi kwa kuta na kwa upepo kuliko kwa sufuria.

Kwa wanaotumia makaa, lile jiko lenye udongo uliochomwa ndani yake si mapambo. Lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuiga jiko la ndoo la nchi ya Thailand, na mafundi wetu wa jua kali ndio waliolirekebisha na kulieneza. Likiwa zima na likitumiwa vizuri, laweza kupunguza makaa kwa theluthi moja na hata nusu, kuliko lile la bati tupu. Lakini mtu akilinunua, akaliacha udongo wake ukapasuka na kuanguka, amerudi kwenye bati. Mlango wa jiko nao una kazi yake: ufunguliwe wakati wa kuwasha, ufungwe chakula kikianza kuchemka. Na makaa yanayobaki yazimwe kwa kufunikwa, yasiachwe yakajiisha yenyewe huku watu wamelala.

Tuje kwenye githeri, maana hakuna chakula kinachokula moto kama maharagwe na mahindi. Sisi wa milimani tuna shida ambayo watu wa Mombasa hawana. Mahali palipo na mwinuko wa mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe huchelewa kuiva hata moto ukiwa mkali namna gani. Kuongeza kuni hakuyafanyi maji kuwa moto zaidi. Huyafanya yaishe tu. Dawa yake ni kuloweka. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yawekwe mengine. Kisha tutumie kikapu cha kupikia, ambacho vikundi vingi vya akina mama wanakijua. Ni kapu kubwa lililotandikwa ndani vitambaa, blanketi kuukuu au majani makavu ya mgomba, pamoja na mto wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa yachemshwe kwa nguvu nusu saa, sufuria ikiwa imefunikwa, kisha sufuria iingizwe kapuni ikichemka vile vile na kuzibwa barabara. Mama anakwenda shambani au kazini, na chakula chaendelea kuiva bila moto. Akirudi baada ya saa nne au tano, hukichemsha tena kidogo na kukiunga. Tahadhari moja tu: maharagwe mekundu yasitiwe kapuni kabla ya kuchemka sawasawa, maana yasipochemshwa vya kutosha huumiza tumbo vibaya.

Nyumba yenyewe nayo ina fungu lake. Kianyaga ina baridi, hasa mwezi wa Julai ukungu unaposhuka toka mlimani. Nyumba ya mabati isiyo na dari hupoteza joto usiku kama debe lililotoboka. Dari, hata iwe ya magunia yaliyoshonwa na kupakwa chokaa, hubadili chumba, ila iwe mbali na moto. Nyufa za mbao zizibwe kwa udongo. Bati moja linalopitisha mwanga juu ya jiko huokoa taa ya mchana. Ila jikoni pawe na dirisha au dohani, maana moshi unaokaa ndani huharibu macho na vifua vya akina mama na watoto. Na hili twaliandika kwa uzito wote: jiko la makaa lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa ili kupata joto. Hewa yake mbaya haina harufu na haionekani, na imewaua watu usingizini. Afadhali blanketi moja la mkopo kuliko jeneza.

Sasa, ndugu, mtatwambia: "Haya yote twayasikia, lakini jiko zuri lina bei, mtungi wa gesi una bei, balbu zina bei." Ni kweli kabisa. Ndiyo sababu maskini hununua ghali. Anayenunua makaa kwa gorogoro hulipa zaidi kuliko anayenunua gunia, na anayejaza mtungi mdogo wa kilo 6 kwa kawaida hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko wa kilo 13. Hana fedha ya mara moja, basi hulipa faini ya umaskini kila siku. Dawa ya jambo hili haiwezi kupatikana na mtu mmoja. Inapatikana kwa umoja. Watu wanne wanaweza kununua gunia moja na kugawana kwa gorogoro. Kikundi chaweza kuchanga na kumpa kila mwezi mmoja wao jiko au mtungi, kama tunavyofanya kwa sufuria na mablanketi. Na chama chetu cha akiba na mikopo, kinachokopesha fedha za karo na za matanga, kwa nini kisitoe mkopo mdogo wa jiko, ambao utajilipa wenyewe kwa makaa yasiyonunuliwa? Jambo hili twapendekeza liletwe katika mkutano mkuu ujao.

Liko na dai letu kwa waajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ifaayo, au amlipe juu ya mshahara fedha za kumtosha kupata nyumba ya namna hiyo. Sisi twauliza: nyumba isiyo na dari katika baridi ya mlima, isiyo na njia ya moshi, na yenye mita ya kushirikiana, yafaa kitu gani? Wakati wa kuzungumza mkataba wa pamoja, twataka gharama za moto na mwanga zihesabiwe katika posho ya nyumba, na nyumba za wafanya kazi zilizo mikononi mwa mwajiri zitengenezwe ili zisimlazimishe mpangaji kuteketeza mshahara wake.

Neno moja kwa akina baba. Wengi wetu twasema kuni ni za bure kwa kuwa hatuzinunui. Zaletwa na nani? Mke au binti anayetembea nusu siku na mzigo mgongoni amelipa kwa mwili wake na kwa masomo yake. Anayeokoa kuni ameokoa mgongo wa mtu wa nyumbani mwake. Basi kulitengeneza jiko, kupasua kuni na kuziba nyufa ni kazi ya mwanamume pia, wala haimpunguzii heshima.

Mwisho twawapa kila mmoja kazi. Kuanzia siku ya kwanza ya mwezi ujao, chukua daftari la mtoto, andika kila senti unayotumia kwa kuni, makaa, mafuta, gesi na umeme. Usiache hata kiberiti. Mwezi wa pili jaribu yale uliyoyasoma hapa, nawe uandike tena. Kisha leta madaftari hayo mawili kwenye mkutano wa tawi. Tofauti ya hesabu hizo itakuonyesha ulichookoa, na hiyo ni yako. Na kile kitakachobaki, ambacho hakuna ubanaji uwezao kukipunguza, tutakijumlisha kwa wanachama wote na kukiweka mezani mbele ya waajiri. Wamezoea kutuambia kwamba twalalamika bila hesabu. Safari hii tutakwenda na hesabu mkononi, imeandikwa jikoni.

Haba na haba hujaza kibaba. Umoja ni nguvu.